Kagunga, petroli na 'ugaidi': Tuisome tena Suratul Quraysh

Leo nakuomba tuisome tena sura fupi ambayo takriban kila mtoto aliyepita madrasa anaijua kwa moyo, Suratul Quraysh, sura ya 106. Tunaisoma sana katika swala kwa kuwa ni fupi, na nadhani ufupi huo ndio unaotufanya tuipite haraka bila kuizingatia. Ndani yake Allah (S.W.) anawakumbusha Maquraysh misafara yao miwili ya biashara, kisha anawataka wamuabudu Yeye kwa neema mbili: kwamba njaa iliwaondokea wakala, na khofu iliwaondokea wakawa katika amani.

Zingatia mpangilio huo. Safari, chakula na amani vimetajwa mahali pamoja, katika aya nne tu. Sisi tumevitenganisha. Usalama tumeuweka kwa Polisi, Uhamiaji na Usalama wa Taifa. Mafuta na nauli tumeviweka EWURA, LATRA, TASAC na Wizara ya Nishati. Mwenye faili hili hamuulizi mwenye faili lile. Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini hapa Ujiji, na mara kadhaa kwa mwaka kazi hunipeleka Kagunga kusimamia mitihani ya madrasa. Kule nimekuwa nikiliona faili moja tu.

Kwa asiyepajua, Kagunga ni kijiji cha kaskazini kabisa katika mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika. Mbele yake maji, mgongoni milima iliyosimama wima, ubavuni Burundi. Kwa miaka mingi njia ya mtu wa kawaida kufika huko imekuwa ni boti: unapanda Kibirizi, unaipita Hifadhi ya Gombe, unaendelea kijiji kwa kijiji hadi mpakani. Boti hiyo inakwenda kwa injini ya petroli. Unga unakwenda kwa petroli, saruji, daftari za shule, dawa za zahanati, mjamzito anayekimbizwa Hospitali ya Maweni, hata askari anayepelekwa kulinda mpaka. Mvuvi wa dagaa naye anatoka usiku wa giza kwa petroli. Mtu wa Dar es Salaam bei ikipanda ataguna, atalipa, au atatembea kwa miguu kutoka Kariakoo mpaka Magomeni. Wa Kagunga atatembea juu ya maji?

Sasa tuangalie mafuta hayo yanafikaje. Meli inashusha Dar es Salaam, au Tanga, au Mtwara. Kutoka Dar hadi Kigoma kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200. EWURA, ambayo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hutangaza bei kikomo kwa kila eneo, inakokotoa gharama hiyo ya usafirishaji, na ndiyo maana mikoa ya mbali kama wetu hulipa zaidi kuliko Dar. Kisha mafuta yanatiwa kwenye madumu na kupandishwa boti, na hapo bei kikomo inabaki kwenye karatasi. Muuzaji wa madumu anapanga bei kwa kutazama sura ya mnunuzi na hali ya ziwa.

Agosti 2022, baada ya vita vya Ukraine, petroli ya Dar yenyewe ilipita shilingi 3,400 kwa lita, na hapo tayari Serikali ilikuwa ikitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi tangu Juni. Ruzuku ile ilikuwa jambo jema na anayestahiki shukurani ashukuriwe. Lakini tukumbuke pia kwamba mwaka mmoja kabla, katika bajeti ya 2021/22, iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara, na mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi mikubwa. Mvuvi wa Kagunga, ambaye barabara yake ni ziwa, amechangia barabara za wengine kwa kila lita aliyoichoma kwenda kutafuta dagaa. Sijasikia Mbunge akiliuliza hili.

Kuna wanaosema kwamba Uislamu hauruhusu kupanga bei. Hoja yao ni hadithi ya Anas (r.a.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi: bei zilipanda Madina, watu wakamuomba Mtume (s.a.w.) awapangie, akakataa, akaeleza kwamba kupanda na kushuka kwa riziki kuko kwa Allah na kwamba hataki kukutana na Mola wake hali kuna mtu anamdai dhulma. Hadithi ni sahihi, ila inatumiwa pasipo pake. Wanazuoni, na Ibn Taymiyya katika kitabu chake cha Hisba ameliweka wazi sana, wametofautisha: bei ikipanda kwa uchache wa bidhaa bila mtu kudhulumu, mtawala asiingilie, ikipanda kwa sababu wenye mali wameizuia na watu wanaihitaji, mtawala atawalazimisha wauze kwa bei ya haki. Kuficha bidhaa ili ipande, yaani ihtikari, Mtume (s.a.w.) ameiita kosa. Tanzania tumeliona hili kwa macho. Agosti 2011, tena ikiwa Ramadhani, EWURA ilishusha bei na baadhi ya wafanyabiashara wakubwa wakagoma kuuza. Nchi ikasimama siku kadhaa. Watu walipanga foleni na madumu huku wamefunga. Mimi sikumsikia aliyesema kuwa hiyo ni hatari kwa usalama wa taifa.

Hapa ndipo neno 'usalama' linapoingia, na linaingia kwa mlango wa nyuma. Burundi kwa miaka kadhaa sasa, hasa tangu 2022, imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta. Mji wenye kiu ya petroli uko ng'ambo ya mpaka, kijana asiye na kazi yuko upande huu, na kati yao kuna maji. Matokeo hayahitaji shahada kuyajua. Kijana anavusha madumu usiku. Simtetei. Magendo ni kuvunja sheria na ni kuwaongezea uhaba jirani zake mwenyewe, na katika darasa zangu nalisema hivyo. Lakini mvusha petroli ni mvusha petroli. Akikamatwa na kuulizwa habari za madumu, hiyo ni haki. Akikamatwa akaulizwa anaswali msikiti gani, nani alimfundisha Qur'an na kwa nini kafuga ndevu, hapo sheria imehama mahali pake.

Mpaka huu una hatari za kweli, sitaki mtu adhani nazidharau. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wakavamia Gombe na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni waliokuwa katika kituo cha utafiti wa sokwe. Kongo mashariki hakujatulia. Mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu zilianguka mikononi mwa M23. Na hapa nchini tumezika watu. Agosti 7, 1998 walikufa 11 katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na zaidi ya 200 Nairobi. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja Kibiti. Oktoba 2020 wauaji kutoka Cabo Delgado walivuka Ruvuma na kuchinja watu wa Kitaya, Mtwara. Anayefanya hayo kwa jina la Uislamu ni muuaji, na Waislamu tuliseme bila kumung'unya maneno.

Swali ni dawa. Mwaka 2002 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi, chini ya shinikizo la dunia iliyokuwa na hofu ya Septemba 11. Waislamu tuliilalamikia wakati ule tukaambiwa mwenye nia safi haogopi. Tumeona ilivyotumika. Sheikh Farid Hadi Ahmed, Sheikh Mselem Ali Mselem na wenzao wa Uamsho walishitakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, hawakuwa na dhamana, na Juni 2021 mashitaka yakafutwa. Takriban miaka saba gerezani, kesi haikufika hukumuni. Kama walikuwa na hatia, wapo wapi mashahidi? Kama hawakuwa nayo, nani atawarudishia watoto wao miaka ile?

Simulizi kama hiyo inafika Kagunga kwa boti ile ile ya unga. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti wake juu ya safari ya kuelekea kwenye ukatili huo Afrika. Waliwahoji mamia ya watu waliojiunga kwa hiari na makundi kama Al-Shabaab na Boko Haram. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha dola, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini wanayaelewa kidogo au hawayaelewi kabisa. Na kilichonisisimua mimi kama mwalimu: aliyesoma elimu ya dini angalau miaka sita, uwezekano wa kujiunga ulipungua kwa hadi asilimia 32. Utafiti wao wa pili, wa 2023, ulikuta robo ya waliojiunga wakitaja ajira kuwa sababu yao kuu. Soma tena Suratul Quraysh baada ya takwimu hizo.

Mimi sihitaji UNDP kunifundisha hilo, maana tunalo katika historia yetu. Makhawariji ndio wenye siasa kali wa kwanza katika Uislamu. Walimkufurisha Sayyidna Ali (r.a.), khalifa, hadharani msikitini. Yeye aliwaahidi mambo matatu: hatawazuia misikiti, hatawanyima fungu lao la mali ya umma maadamu wako pamoja na jamii, na hataanza yeye kuwapiga. Akampeleka Ibn Abbas (r.a.) kujadiliana nao, na maelfu wakarejea. Walipomuua Abdullah bin Khabbab pamoja na mkewe mjamzito, ndipo akawapiga Nahrawan, mwaka wa 38 Hijria. Damu iliyomwagwa ndiyo ilikuwa mpaka wake.

Atasema mtu: mbona Ali mwenyewe aliuawa na Khawariji miaka miwili baadaye? Ni kweli, na ni hoja nzito. Hakuna siasa inayozuia kila kisu. Lakini tazama alichousia akiwa kitandani na jeraha: mfungwa alishwe, asikatwekatwe, na ikibidi kuuawa basi auawe yeye peke yake kwa pigo moja kama alilopiga, damu ya wengine isiguswe. Hakuagiza wakamatwe watu wa kabila la muuaji.

Na Kagunga yenyewe ilishatoa ushahidi. Mei 2015, Burundi ilipochafuka kwa sababu ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, wakimbizi zaidi ya 50,000, kwa makadirio ya mashirika, walijaa katika ufukwe ule mdogo. Kipindupindu kikaingia, watu zaidi ya 30 wakafa. MV Liemba, meli iliyozidi umri wa miaka mia, ikawa inawasomba mamia kwa mamia hadi Kigoma, kisha Nyarugusu. Kabla ya Liemba na kabla ya mashirika, waliowapokea ni wanakijiji, Waha ambao lugha yao na Kirundi ni ndugu, Waislamu kwa Wakristo. Watu hao hao miaka miwili nyuma, Septemba 2013, walikuwa wameonja Operesheni Kimbunga, ambapo katika mikoa yetu ya mpakani familia zilitenganishwa kwa kushukiwa uhamiaji haramu. Kijana wa mpakani ambaye babu yake alizaliwa ng'ambo anajua kwamba kwa afisa yeye ni mshukiwa kwanza, raia baadaye. Siku akiona boti ngeni usiku yenye bunduki, atamkimbilia afisa huyo?

Cabo Delgado wazee wa misikiti ndio waliogutuka mwanzo. Vijana walipoanza kuwapinga masheikh wao na kuwakataza watoto shule, masheikh walilalamika kwa wakubwa miaka kadhaa kabla ya Oktoba 2017, risasi zilipoanza Mocímboa da Praia. Mwalimu wa madrasa ndiye anayeona mwanafunzi aliyebadilika. Anayeogopa kwamba akisema jambo litamgeukia yeye, atanyamaza.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo na kinapimika. Petroli ifike Kagunga kwa muuzaji mwenye leseni, bei kikomo ibandikwe ukutani pale ufukweni, na mvuvi apunguziwe tozo ya barabara asizozipita. Kesi ya ugaidi iwe na ukomo wa muda wa upelelezi; ukipita, mtu apewe dhamana au aachiwe. Na mkuu wa kituo anayehamishiwa mpakani, kabla hajaomba orodha ya madrasa, awatembelee walimu wake, anywe nao chai, awajue kwa majina. Boti za kwenda huko zinaondoka Kibirizi. Nauli ataambiwa palepale, kutegemea bei ya mafuta ya siku hiyo.