TELA LA KUBINUA MZIGO

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha kuona tela likivutwa na trekta, likafika mahali pake, likainua kichwa na kumwaga mchanga wote kwa mara moja. Kazi hiyo ni Fizikia tupu, ile ile tunayofundishwa hapa shuleni. Nataka kuieleza kwa wanafunzi wenzangu, na zaidi kwa wazazi, maana huko kwetu Mbarali baba yangu na wenzake wanne wanachanga fedha wanunue tela la namna hii, nao wanabishana juu ya ukubwa wake.

Yafaa ijulikane kwanza kwamba tela huchaguliwa kwa uzito linaoweza kuuchukua, si kwa ukubwa wa bodi. Tutwae bodi yenye urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kimo cha sentimeta 50. Ndani yake huingia mita za ujazo 3. Ukiijaza mpunga, ambao mita moja ya ujazo ina kilo 580 hivi, umechukua chini ya tani 2. Ukiijaza mchanga mkavu, wenye kilo 1,600 hivi, umechukua karibu tani 5. Mchanga uliochotwa mtoni ungali umelowa hukaribia kilo 2,000, na hapo utafika tani 6. Bodi ni ile ile! Basi mtu aliyelizoea tela lake wakati wa mavuno akalijaza vivyo hivyo wakati wa ujenzi, atavunja ekseli.

Ikiwa tela ni la tani 3, mchanga uliolowa usipite kimo cha sentimeta 25, yaani nusu ya bodi. Ningependa kila mwenye tela apige mstari wa rangi mahali hapo, wapakiaji wauone. Tena muuzaji aulizwe kama tani anazozitaja ni za mzigo peke yake, au pamoja na tela lenyewe. Tela lenye uzito wa tani 1, likiandikwa tani 4 kwa jumla, huchukua 3 tu.

Wazee hupenda ekseli mbili kwa sababu ya uimara wake. Mimi kwa njia zetu za tope nachagua ekseli moja. Sehemu ya mzigo huegemea ndoano ya trekta na kuyakandamiza magurudumu yake ya nyuma, nayo hushika ardhi vizuri zaidi. Lakini mzigo upakiwe ukizidi kidogo upande wa mbele. Ukirundikwa nyuma, tela huinyanyua ndoano na trekta huteleza. Breki za tela zisikosekane, kwa maana mteremkoni tela zito husukuma trekta na kuligeuza ubavu. Dereva aingize gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, asingoje katikati.

Sasa tuje kwenye jeki. Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kati ya 1623 na 1662, alieleza kwamba mgandamizo ukitiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Tuseme pampu ya trekta yatoa kilo 150 kwa kila sentimeta ya mraba, na pistoni ya jeki ina kipenyo cha sentimeta 10. Eneo lake ni kama sentimeta za mraba 78, kwa hiyo jeki husukuma kwa nguvu ya kilo zaidi ya 11,000. Je, si nyingi mno kwa tani 3? Sivyo. Jeki hulala chini ya bodi na kusukuma kwa mshazari, hata nguvu nyingi hupotea mwanzoni. Ndiyo sababu trekta hunguruma sana katika shibiri ya kwanza.

Katika matela mengi bodi hurudi chini kwa uzito wake yenyewe, ikiyasukuma mafuta yarudi katika trekta. Maana yake ni kwamba mpira wa mafuta ukipasuka, bodi huanguka papo hapo. Mtu asiingie chini yake, hata kwa kupaka grisi tu, mpaka nguzo ya chuma imewekwa.

Kabla ya kubinua, trekta na tela visimame katika mstari mmoja, juu ya ardhi iliyo sawa. Gurudumu moja likiwa shimoni, bodi iliyoinuka hulalia upande huo na kuliangusha tela. Dereva atazame juu pia: bodi ya mita 3 ikiinuliwa nyuzi 45, ncha yake hupanda zaidi ya mita 2 kutoka ilipokuwa, na waya za umeme huenda ziko hapo. Mchanga wa tope ukigoma kushuka, wengine humpandisha utingo na koleo bodi ikiwa bado iko juu. Ishushwe kwanza, ndipo apande.