Nyoka Ndani ya Kuni

Maandiko ya kusoma nyumbani: Matendo 28:1–10, Hesabu 21:4–9, Mathayo 4:5–7



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa kanisa letu alinivuta kando karibu na mlango wa ofisi. Kijana wake amepata kazi ya ualimu Turkana na anahamia huko na mke na mtoto wa miaka 2. Mama hakuniuliza habari ya mshahara wala ya usalama barabarani. Aliniuliza, "Pasta, ni kweli huko nyoka wanaingia mpaka ndani ya nyumba?" Nikamwambia, "Mama, tutaomba." Akaitikia amina, akaenda. Lakini mimi nilibaki nimejisikia vibaya, kwa sababu nimeishi Turkana na jibu lake ninalijua. Nilimpa nusu tu.

Na si yeye peke yake. Tangu mashine zianze kuchuma chai, vijana wetu wengi wa Kimulot wanatafuta riziki mbali. Kuna walioenda Marigat kwenye mashamba ya kunyunyizia maji, na wengine wako Lodwar na Kakuma. Mtu aliyekulia kwenye baridi na ukungu, ambaye nyoka anamwona mara moja moja akipogoa chai, anajikuta mahali ambapo usiku una joto kuliko mchana wetu, na wanyama wa huko hutembea usiku huo huo. Kwa hivyo somo la leo ni ile nusu ya jibu iliyobaki.

Nilipomaliza digrii ya biashara, kazi yangu ya kwanza ilikuwa karani wa stoo katika shirika moja karibu na Lodwar. Usiku wa kwanza joto lilinishinda nikatandika godoro chini kwenye saruji. Asubuhi mlinzi, mzee wa Kiturkana, aliniona navaa viatu akanishika mkono. Alichukua kiatu akakigonga ukutani, nge akaanguka. Mwenye mkia mnene na koleo nyembamba. Mzee akanieleza kwamba huyo ndiye wa kuogopa, kuliko yule mwenye koleo kubwa za kutisha. Baadaye niligundua jambo ambalo wenye maduka watalipenda: ile taa ya kukagua noti bandia, ukiiwasha gizani, nge anang'aa rangi ya kijani kama kitu kilichopakwa rangi. Tangu siku hiyo nilikuwa nakagua chumba chote kabla ya kulala. Wenzangu walinicheka, lakini taa walikuwa wanaiazima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kulisema madhabahuni.

Tulikuwa na ushirika mdogo wa nyumbani pale, watu 8 hivi, na mimi ndiye nilikuwa kiongozi. Usiku mmoja kijana wetu mmoja, kibarua wa miaka 22, alitoka kwenda choo na slipa bila tochi. Akakanyaga nyoka mdogo wa mchangani. Ni mfupi, hata haufikii mkono wako kwa urefu. Akiudhika hujikunja na kusugua magamba yake mpaka yanatoa sauti kama mafuta yakikaanga. Wataalamu wanamwita Echis. Huko kaskazini na sehemu za Baringo ni mmoja wa wale wanaoumiza watu sana, na ukimwona utasema huyu ni mtoto wa nyoka tu.

Tulimbeba ndani. Mimi nikavua mshipi wangu nikamfunga mguu kwa nguvu chini ya goti, kwa sababu nilisikia hivyo nikiwa mtoto. Kisha tukaanza kuomba. Gari la shirika lilikuwepo, dereva alikuwa amelala hatua 50 kutoka pale. Mzee mlinzi alikuja mlangoni mara mbili kusema twende hospitali. Mara ya pili nilimwambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri, kwamba sisi tuna hospitali ya juu. Kijana aliposema maumivu yamepungua kidogo, nikatangaza kwamba sumu imekwisha. Tuliomba kutoka saa 4 usiku mpaka kunapambazuka. Asubuhi alikuwa anatoka damu kwenye ufizi.

Hospitalini daktari alitoa damu kidogo akaiweka kwenye chupa ndogo safi ya kioo, akaiacha dakika 20 bila kuiguza. Kisha akaiinamisha. Damu ya mtu mzima inatakiwa kuwa imeganda. Ile ilitiririka kama maji. Ndivyo sumu ya nyoka huyo inavyofanya: inamaliza vile vitu vya kugandisha damu. Walimpa dawa na hakufa, Mungu ashukuriwe. Lakini mguu, kati ya sumu na ule mshipi wangu, haukuokolewa wote.

Alinisamehe kabla sijamwomba. Mpaka leo tukiongea kwa simu hajawahi kuitaja. Mimi ndiye ninaitaja.

Wapendwa, baada ya hayo nilisoma tena Matendo 28 kama mtu ambaye hajawahi kuisoma. Sisi wapentekoste tunapenda pale Paulo anapomkung'uta nyoka motoni. Lakini nyoka alitoka wapi? Kwenye kuni. Kulikuwa na mvua na baridi, Paulo akakusanya mzigo wa kuni kama mtu yeyote, na joto likamtoa nyoka. Hakumtafuta nyoka ili awaonyeshe wenyeji wa Malta imani yake. Ahadi ya Marko 16:18 ilimkuta kazini. Tena msafiri mwenzake aliyeandika habari hiyo ni Luka, ambaye Wakolosai 4:14 inatuambia alikuwa tabibu. Paulo huyo huyo, mistari michache baadaye, anamwekea mikono baba yake Publio na mzee anapona. Maombi na tabibu walisafiri kwa merikebu moja, na sioni mahali waligombana.

Kule Mathayo 4, aliyemwambia Yesu ajirushe kwa sababu malaika watamdaka alikuwa shetani, na alitumia Zaburi ya 91. Nilipokuwa nakataa gari usiku ule, nilidhani nasimama upande wa imani. Nilikuwa juu ya kinara cha hekalu.

Na Hesabu 21 ndiyo ilinishangaza zaidi. Watu walimwambia Musa amwombe Mungu awaondoe nyoka. Someni polepole: haisemi nyoka waliondolewa. Nyoka walibaki wanauma, ila Mungu aliweka dawa mahali panapoonekana, na aliyeumwa alipaswa kugeuka aitazame. Aliyebaki ndani ya hema akijadiliana, Biblia haisemi lolote juu yake.

Kwa hiyo kwa wale wanaohama, na kwa wazazi wao: huko, wiki ya kwanza kabisa, kabla hujatafuta fanicha, uliza ni hospitali gani ina dawa ya sumu ya nyoka kwa sasa. Nasema kwa sasa, kwa sababu nimefanya kazi ya stoo na najua rafu inaweza kuwa na jina la dawa bila dawa. Dawa hii si rahisi kutengeneza. Farasi hupewa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake inajenga kinga, na kinga hiyo ndiyo inasafishwa kwa ajili yetu. Tena inafaa tu kwa aina za nyoka iliyotengenezewa. Ya nyoka wa India haitakusaidia Lodwar. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa njia hii kila mwaka duniani. Wengi ni watu wa shamba na mifugo, watu kama sisi.

Weka namba ya mwenye gari au boda, na pesa yake kando, isiyoguswa hata kwa unga. Akiumwa mtu, usifunge kamba, usichanje, usifyonze, usiweke lile jiwe jeusi. Mtulize, mvue pete na saa kabla hajavimba, funga mguu au mkono kwenye kijiti usichezecheze, muondoke. Usimfukuze nyoka ili mpeleke ushahidi, mtaumwa wawili. Kuna yule anayetema sumu machoni pia: osha jicho kwa maji mengi, halafu hospitali. Na ombeni. Ombeni kwa sauti mkiwa ndani ya gari, dereva hatakataza.

Kulaleni juu ya kitanda, ndani ya neti iliyochomekwa chini ya godoro. Kuni zipangwe mbali na mlango. Yule mdudu kama buibui mkubwa anayekimbilia mwanga wa taa kwa kasi ya ajabu hana sumu, msihame nyumba kwa ajili yake. Lakini ufuo wa Ziwa Turkana na wa Ziwa Baringo una mamba, na mtoto asitumwe maji peke yake. La muhimu kuliko yote haya, mzee wa pale akikwambia jambo mara mbili, msikilize ya kwanza.

Jumapili ijayo tutamwekea mikono mwalimu wetu na familia yake. Tayari tumepata neti 2 na tochi. Kwenye majani chai gambuti hatukosi, kwa hivyo mwenye jozi namba 8 isiyotoboka aniletee ofisini kabla ya Ijumaa. Mama yake nimempigia simu jana jioni, tumeongea karibu saa nzima.