Mahabusu akiugua, nani amtibu?

Ndugu msomaji, katika Surat Al-Insan, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anawasifu wanaomlisha masikini, yatima na mfungwa. Mfungwa ametajwa hapo kwa kuwa hawezi kujitafutia. Ndiyo maana Qadhi Abu Yusuf, katika Kitab al-Kharaj alichomwandikia Khalifa Harun al-Rashid, alishauri chakula na mavazi ya wafungwa yatoke Baytul Mali.

Sasa tuchukue mfano wa Endabash, kata ya Wilaya ya Karatu. Akamataye ni Polisi, afungaye ni Magereza, na vyombo hivyo viko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Lakini zahanati na vituo vya afya vya umma ni vya Halmashauri. Mwenye ufunguo ana bajeti yake, mwenye dawa ana yake. Mahabusu akishikwa na homa usiku, asubiri ipi?

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshitakiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Nazo Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema matibabu ya mfungwa ni jukumu la dola, tena bila malipo.

Kwa hiyo nashauri madiwani watenge fungu la mahabusu katika bajeti ya afya, kisha waidai Wizara. Mgonjwa atibiwe kwanza, hesabu zifuate. Nasi Waislamu wa mijini tusiishie kupeleka futari magerezani. Tuwaulize madiwani wetu. Aliyefungiwa mlango hawezi kwenda hospitali kwa miguu yake, na mwenye ufunguo ataulizwa mbele ya Allah.

Wabillahi tawfiq.