Guggenheim: Panda kwa Lifti, Shuka kwa Magurudumu

Anayetumia kiti cha magurudumu amezoea kuzungushwa uani: mlango mkuu una ngazi, naye anaelekezwa wanakopitishia mizigo. Guggenheim, makumbusho ya sanaa jijini New York, yana habari nyingine. Msanifu wake, Frank Lloyd Wright, alikusudia kila mgeni apande kwa lifti hadi juu, kisha ashuke taratibu akitazama picha kwenye njia moja inayojizungusha kama kombe la konokono, yenye urefu wa takriban mita 400. Jengo lilifunguliwa Oktoba 1959, miezi sita baada ya kifo chake. Njia aliyowawazia watu wote ndiyo njia yako.

Kufika. Vituo vingi vya treni za chini ya ardhi havina lifti, kwa hiyo usishuke popote tu. Kituo cha 86th Street cha laini ya Q kinayo. Ukitoka hapo panda basi la M86 hadi Fifth Avenue, kisha jisukume mitaa michache kuelekea kaskazini. Mabasi ya jiji yote yana ubao wa kupandishia kiti. Asubuhi ya safari angalia kwanza kama lifti ya kituo inafanya kazi, maana huharibika.

Tiketi. Mgeni mwenye ulemavu hulipa kiingilio kilichopunguzwa, na msindikizaji wake huingia bila malipo. Viti vya kuazima vipo bila malipo, ila anayewahi ndiye anayepata. Kabla ya kununua, uliza kama njia nzima iko wazi: maonyesho yanapobadilishwa, sehemu yake hufungwa.

Ndani. Maonyesho mengi siku hizi hupangwa kuanzia chini. Wewe anzia juu. Mikono yako itakushukuru. Mteremko ni mdogo, lakini hauishi. Vaa glovu, na ujaribu breki kabla hujaingia lifti. Ugumu wenyewe hauko katika kushuka bali katika kusimama. Ukigeuka kuitazama picha, gurudumu moja linakuwa chini kuliko lenzake, na kiti kinaanza kuvutika pembeni polepole. Funga breki zote mbili kwanza, halafu ndipo uinue macho. Usiharakishe: Kandinsky, ambaye makumbusho haya yana kazi zake zaidi ya 150, si mchoraji wa kupitwa mbio.

Ukifika ukumbi wa chini, tazama juu kwenye dari la kioo. Waliotembea na waliosukuma magurudumu wamepita njia ileile, wakaona picha zilezile. Kwa hiyo ukirudi kwenu ukakuta makumbusho yanajengwa, waulize wajenzi mteremko uko wapi. Waulize kabla saruji haijakauka.