Msikie Kabla ya Kumhukumu

Ndugu msomaji, ikiwa umeingia katika dini hivi karibuni, au ungali ukitafuta na kuuliza, yamkini yamekwisha kukupata mambo haya. Habari ilifika nyumbani kabla yako. Ulipobisha hodi, hukumu ilikuwa imekwisha pitishwa: umelaghaiwa, umenunuliwa, umewatupa wazee wako. Aliyekuuliza, "Mwanangu, umeona nini huko?" labda alikuwa mmoja tu, na labda hakuwapo hata huyo. Somo letu la leo ni juu ya swali hilo lisiloulizwa.

Tusemapo utu, aghalabu twakumbuka kumwamkia mkubwa, kumkaribisha mgeni, kumzika jirani na kumlisha yatima. Yote hayo ni utu. Lakini lipo tawi moja la utu ambalo halifundishwi sana, kwa kuwa halionekani kwa macho wala halina gharama ya fedha, nalo ni kumpa mtu nafasi ya kusema kabla hatujamkatia shauri.

Katika vitabu vya Kiswahili sijakutana na kilicholieleza jambo hili vizuri kuliko Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Mtungaji huyu alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akafariki mwaka 1962, na miaka mingi ya maisha yake alikuwa karani wa serikali, mahali ambapo malalamiko ya watu hupita kila siku.

Kusadikika ni nchi ya kubuni iliyo angani. Humo twamkuta mtu aitwaye Karama, amesimama mbele ya mfalme na baraza lake, ameshtakiwa na Waziri Majivuno. Kosa lake ni kwamba ameanzisha mafunzo ya sheria. Hebu fikiri! Hakuiba wala hakuua; ametaka tu watu wajue namna ya kuitetea haki, na waziri anaiona hiyo kuwa hatari kubwa kwa nchi. Jina la mshtaki nalo halikuchaguliwa ovyo, maana majivuno ndiyo yanayotuziba masikio.

Anapopewa ruhusa ya kujitetea, wengi wetu tungalitarajia ajisemee nafsi yake. Yeye anaitumia nafasi hiyo kusimulia habari za watu sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hao walitumwa kwenda pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa Kusadikika. Walisafiri kwa taabu, wakarudi na waliyoyaona, na malipo yao yakawa kifungo. Kila mjumbe ana habari yake, na kila habari huishia penye mlango ule ule wa gereza. Nakiri kwamba niliposoma mara ya kwanza marudio hayo yalinichosha. Baadaye ndipo nilipoona kuwa marudio yenyewe ndiyo mashtaka. Dhuluma iliyofanywa mara moja watu huweza kuiita bahati mbaya. Iliyofanywa mara sita imekwisha kuwa desturi ya nchi.

Wahakiki wengi wameona humo mfano wa utawala wa kikoloni, nao wana haki, kwa kuwa kitabu kilitoka Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Lakini tukikiacha kitabu hapo, tutakuwa tumewatwika wageni mzigo wote. Kusadikika ipo pia katika baraza zetu, jikoni mwetu, na penye milango ya nyumba za ibada watu wanapovaa viatu vyao.

Angalia hata mithali zetu. Twasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Twasema tena, "Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi." Sizidharau hekima za wazee, mahali pake zafaa. Lakini ile ya kwanza imekuwa cheti cha kupitishia kila uvumi, na ya pili imemnyima usemi mtu ambaye labda aliiokota ngozi njiani. Siku hizi uvumi hauhitaji hata miguu. Hupita katika simu za mkononi, na kabla ya adhuhuri mtu amekwisha hukumiwa na watu wasiomjua sura.

Vitabu vya dini havikulinyamazia jambo hili. Katika Kurani Tukufu, Sura Al-Hujurat, aya ya 6, waaminio wanaamrishwa kuichunguza habari iletwayo na mtu mwovu, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajuta. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alipomtuma Hadhrat Ali r.a. Yemeni awe kadhi, alimwonya asihukumu kwa maneno ya mtu wa kwanza mpaka amsikie na wa pili. Nao ndugu zetu Wakristo wanaijua habari ya Nikodemo katika Injili ya Yohana, sura ya 7. Wakuu walikuwa wamekwisha kumkatia Yesu a.s. shauri, naye akawauliza kama torati yao yawaruhusu kumhukumu mtu bila ya kumsikia kwanza. Wao wakamwuliza kama naye ametoka Galilaya. Hawakulijibu swali, walimtafutia mwulizaji kwao. Hila hiyo bado yatumika, tena sana.

Sisemi haya kama mtu aliyesalimika. Miaka kadhaa iliyopita, jirani yangu mmoja hakuonekana katika mazishi ya mzee wa mtaa wetu, wala hakuja kuwapa pole wafiwa. Nilisema mbele ya watu kwamba ana moyo wa jiwe. Hakuna aliyenipinga, maana nilisema kwa ufasaha. Wiki iliyofuata nilipita kwake kwa haja yangu nyingine, nikamkuta akimgeuza mama yake kitandani. Mama alikuwa amepooza upande mmoja, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumpokezana. Alinikaribisha kwa furaha, akaniletea kiti. Hakujua niliyoyasema, au alijua, akanistahi. Nilirudi barazani kuyafuta maneno yangu, lakini wawili kati ya walionisikia walikuwa wamekwisha safiri, na maneno yangu wamekwenda nayo.

Yafaa kuongeza hapa kwamba kusikiliza si kukubali. Mwizi asikilizwe, na wizi ukithibiti, arudishe mali ya watu. Wala kumsikia mshtakiwa kusiwe njia ya kumnyamazisha aliyeumizwa. Mwanamke aliyepigwa na mtoto aliyedhulumiwa, mara nyingi hao ndio wasiosikiwa kabisa, na haki ya kusema ni yao kwanza.

Sasa nakugeukia wewe, ndugu uliyehukumiwa bila ya kusikiwa. Jeraha hilo lina hatari yake. Wapo walioingia katika imani mpya, na neno la kwanza walisemalo juu ya baba zao ni kwamba walikuwa wajinga. Na juu ya kanisa au msikiti waliouacha, kwamba hamna jema lolote ndani yake. Je, wewe uliwahi kumwuliza baba yako kwa nini alikishika alichokishika? Uliwahi kukaa naye jioni moja, si kwa kumshinda, bali kwa kumwelewa? Labda naye, kama wewe, anangoja kuulizwa. Na kama alikuwa wa kwanza kukuhukumu, je, hilo lakupa ruhusa ya kuwa wa pili?

Ukikipata kitabu cha Kusadikika, kisome pole pole, umwangalie Karama. Ameshtakiwa na mtu mwenye cheo, na wanaomsikiliza ni wale wale waliokusanyika kumhukumu. Hatukani. Anasimulia siku baada ya siku, mjumbe baada ya mjumbe, mpaka baraza lenyewe linaanza kusikia. Mwishowe anaachiliwa, na wale sita, ambao muda wote huo hawakuwapo kujisemea, wanafunguliwa nao.