KUANZA MWAKA KATIKA DARASA LA AWALI: WIKI TATU ZA KWANZA

1. Utangulizi

Ndugu mwanachuo, siku utakapopangiwa darasa la awali kwa mara ya kwanza, utakabidhiwa rejista na watoto. Rejista utaimudu kwa nusu saa. Watoto ni kazi ya mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka huo itategemea yale utakayoyatenda katika wiki tatu za mwanzo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuzitumia wiki hizo katika mazingira ya mkoa wetu wa Singida.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwalimu mpya katika shule moja ya kijiji, nilimpokea mtoto wa kike wa miaka mitano. Kwa wiki tatu hakutamka neno. Nilimwuliza jina lake, akatazama chini. Niliwaamuru wenzake waimbe irabu, naye akanyamaza. Wiki ya nne niliandika katika kumbukumbu zangu kwamba huenda mtoto huyu ana kasoro ya kusema. Jumamosi moja nikamkuta kisimani pamoja na dada yake. Alikuwa akisimulia jambo kwa Kinyaturu, kwa sauti na kwa mikono, na akina mama waliokuwa wakingoja zamu ya kuteka maji walikuwa wakicheka. Aliponiona alinyamaza. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kasoro ilikuwa yangu. Mwezi Machi aliacha kuja shuleni. Aliandikishwa upya mwaka uliofuata, akiwa amepoteza mwaka mmoja ambao ulikuwa amana mikononi mwangu.

2. Chimbuko la mbinu tunazozijadili

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, na sera ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kwa hiyo darasa la awali si mahali pa kuwatunzia watoto tu wakati wazazi wako shambani. Hata hivyo, kosa la upande wa pili ni kuligeuza kuwa darasa la kwanza lenye watoto wadogo zaidi.

Katika kutafuta njia ya kati, yafaa tujifunze kutoka kwa wengine. Mwaka 1919, mjini Stuttgart, Ujerumani, Emil Molt, mkuu wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, alimwomba Rudolf Steiner aanzishe shule kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda hicho. Ndiyo asili ya jina la shule za Waldorf. Mwaka 1926 Elisabeth von Grunelius alifungua huko huko darasa la watoto wadogo. Tangu hapo mbinu hizo zimeenea duniani, na zimefika Afrika ya Mashariki pia: Dar es Salaam iko shule ya Hekima Waldorf, na Nairobi, upande wa Mbagathi, iko shule yenye jina la Steiner.

Misingi yao mikuu kwa umri huu ni minne: mtoto hujifunza kwa kuiga kuliko kwa kuelezwa, siku na wiki ziwe na mwendo unaojirudia, vifaa viwe vya asili na vya kawaida, na mafunzo rasmi ya herufi yangoje hadi mtoto akaribie miaka saba. Hatulazimiki kuipokea falsafa yote ya Steiner. Aidha, msingi wa nne haulingani kikamilifu na mtaala wetu, unaotaka mtoto aandaliwe kusoma, kuandika na kuhesabu tangu darasa la awali. Lakini misingi mitatu ya kwanza haigharimu fedha, na inatufaa sana.

3. Kabla ya siku ya kwanza

(a) Kutembelea nyumba. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mwombe mwalimu mkuu ruhusa, kisha umwone mwenyekiti wa kitongoji. Januari kwetu ni mwezi wa mvua na palizi. Nenda alfajiri au jioni, usimkawize mtu jembe likiwa mkononi. Ikiwa watoto ni wengi, waombe wazazi wa kitongoji kimoja wakutane katika ua mmoja. Uliza mambo manne: mtoto huitwaje nyumbani, husema lugha gani, nani atamleta shuleni, na ni kitu gani anachokiogopa. Yaandike. Mtoto aliyekuona ukiketi kwenye kigoda cha bibi yake hatakuona mgeni siku ya kwanza.

(b) Kukusanya zana. Singida ina zana tele: magunzi ya mahindi, mabua ya mtama, mbegu za alizeti, vibuyu vilivyovunjika, mawe laini, vipande vya khanga na udongo wa mfinyanzi. Gunzi lililofungwa kitambaa ni mwanasesere. Hata bila macho na mdomo, mtoto atampa uso kwa mawazo yake. Ondoa ganda la mabua lenye makali, na mbegu ndogo zitumike mbele ya macho yako tu, kwa maana watoto huzitia puani na masikioni.

4. Wiki ya kwanza: kupokea kwa mafungu

Usiwapokee watoto 60 kwa mkupuo mmoja ukitazamia kuwajua. Kwa idhini ya mwalimu mkuu, wagawe mafungu matatu: Jumatatu fungu la kwanza, Jumanne la pili, Jumatano la tatu. Alhamisi na Ijumaa waje wote kwa saa chache. Kwa njia hii kila mtoto atapata siku moja ambayo mwalimu amemwita kwa jina na kumshika mkono.

Mzazi au dada aliyemleta mtoto na aketi nyuma ya darasa mpaka mtoto atulie. Akiondoka, aage waziwazi. Mzazi anayetoroka humfundisha mtoto kwamba shule ni mahali pa kuachwa. Mtoto akilia usimkemee wala kumwaibisha mbele ya wenzake. Mpe kazi ndogo iliyo karibu nawe: kukushikia ufagio, kupanga vikombe, kumwagilia mche.

5. Mwendo wa siku

Mtoto asiyejua saa huijua siku kwa yale yanayofuatana. Mpangilio huu unaweza kurekebishwa kwa mahali ulipo:

Saa 2:00–2:30 Mapokezi na mchezo huru.
Saa 2:30–2:50 Duara: salamu, wimbo, kuitana majina.
Saa 2:50–3:20 Kazi ya mikono: udongo, kuchambua mbegu, kufagia.
Saa 3:20–3:50 Kunawa mikono na uji.
Saa 3:50–4:30 Michezo ya nje, kama vile Ukuti Ukuti.
Saa 4:30–4:50 Hadithi.
Saa 4:50–5:00 Wimbo wa kuagana.

Kila badiliko la shughuli liwe na wimbo wake mfupi. Baada ya siku chache hutahitaji kupaza sauti. Ukianza wimbo wa kunawa, watoto watasimama wenyewe. Hadithi moja isimuliwe wiki nzima bila kubadilishwa. Mwalimu huchoka kuirudia, lakini mtoto hachoki: Jumatatu husikiliza sauti, Jumatano hutambua maneno, na Ijumaa husema mwenyewe jibu la Sungura.

Usidhani kwamba katika mpangilio huu hapana kusoma, kuandika wala kuhesabu. Mtoto anayegawa kikombe kimoja kwa kila mwenzake anahesabu. Anayeviringisha udongo anaimarisha vidole vitakavyoshika kalamu. Anayesema vina vya wimbo anatenganisha sauti za lugha. Panda mbegu za alizeti katika wiki ya pili: watoto watahesabu miche, watalinganisha urefu, na kabla ya likizo ya katikati ya mwaka watakuwa wameona ua likifunguka.

6. Suala la lugha

Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, na hatuna budi kukifundisha. Lakini wengi wa watoto wetu wa vijijini hufika wakiwa na Kinyaturu, Kinyiramba au lugha nyingine ya nyumbani. Anza na tendo, kisha wimbo, kisha neno. Sema "Tunawe mikono" huku ukinawa mbele yao, kwa maneno yale yale kila siku. Salamu na maneno ya kumtuliza mtoto yasemwe kwa lugha yake. Kama huijui, jifunze kutoka kwa wazazi maneno kumi tu: njoo, keti, maji, chakula, inauma, mama, usiogope na mengine ya namna hiyo. Kamwe usimwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya mama yake.

7. Vikwazo

Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, nawe huenda ukakuta watoto mara tatu ya idadi hiyo. Katika hali hiyo gawa darasa katika familia ndogo za watoto wanane, kila moja na mahali pake chini ya mti na kiongozi wake. Pili, mzazi atakuuliza, "Mbona daftari ni tupu?" Usikasirike, mwalike akae asubuhi moja, na umwoneshe kinachohesabiwa na kinachosemwa. Mthibiti ubora naye mwoneshe azimio la kazi linalohusisha kila shughuli na umahiri uliotajwa katika mtaala. Tatu, Januari na Februari maghala mengi huwa yamepungua. Hakuna wimbo unaoweza kushika nafasi ya uji. Zungumza na kamati ya shule mapema, wakati wa mavuno.

8. Hitimisho

Mwisho wa wiki ya tatu, chukua shajara yako na ujiulize kuhusu kila mtoto: Je, ameagana na mzazi bila hofu? Anajua kinachofuata baada ya uji? Ana rafiki mmoja? Amesema neno, kwa lugha yoyote? Ikiwa yuko mtoto ambaye bado hajasema, usiandike lolote juu yake kabla hujafika kwao na kumsikia akiwa miongoni mwa ndugu zake.

Maswali ya kujadili

1. Tayarisha nyimbo tatu fupi za kubadilisha shughuli, kwa maneno yako mwenyewe.
2. Orodhesha zana kumi zinazopatikana bure katika kijiji chako, na ueleze stadi inayojengwa na kila moja.
3. "Mtoto wa darasa la awali asipewe kalamu kabisa." Jadili kauli hii kwa kuzingatia mtaala wetu.