Kigogo: Mkwamo wa Kisiasa na Gharama ya Kutoafikiana

Swali la aina hii huwababaisha watahiniwa wengi: "Ukaidi wa wanasiasa humuumiza mwananchi wa kawaida. Jadili kauli hii ukirejelea tamthilia ya Kigogo. (alama 20)"

Wengi wenu mtaanza kwa kusema kuwa Majoka kwa upande mmoja, na Tunu na Sudi kwa upande mwingine, wote walikataa kuafikiana, ndiyo maana Sagamoyo ikakwama. Sentensi hiyo ina sura ya haki, lakini itakuponza. Kabla ya kuiandika, jiulize: je, katika tamthilia hii kuna mahali popote ambapo Majoka anatoa pendekezo la maafikiano?

Rudi kwenye matini. Soko la Chapakazi limefungwa na wachuuzi hawana pa kuuzia. Madai ya Tunu na wenzake yanajulikana: soko lifunguliwe na haki za raia ziheshimiwe. Majoka anajibu nini? Anamtaka Tunu aolewe na mwanawe, Ngao Junior. Anamtaka Sudi achonge kinyago cha sherehe za uhuru. Kenga anafika karakanani na keki ya uhuru. Hakuna hata moja kati ya hayo linalogusa soko. Kuafikiana ni kila upande kuachilia sehemu ya unachokitaka ili suala linalozozaniwa litatuliwe. Anachofanya Majoka ni kutaka kumnunua mtu mmoja mmoja, huku suala lenyewe likibaki pale pale. Boza anaila keki, na soko bado limefungwa.

Ukiitenga hongo na maafikiano namna hii, insha yako itakuwa imeanza vizuri.

Sasa twende kwa Ashua, kwa sababu hapo ndipo hoja inapokuwa ngumu, na ndipo alama nyingi hupotea. Ashua alikuwa akiuza maembe. Soko lilipofungwa, riziki yake ilikatika na watoto wakakosa chakula. Anaishia kwa Majoka kutafuta msaada, na kutoka hapo anatiwa kizuizini. Sharti la kumwachilia ni kwamba Sudi akubali kuchonga kinyago. Sudi anakataa. Ashua, akiwa ndani, anamsihi akubali, na anafikia hatua ya kudai talaka.

Watahiniwa hupenda kumlaumu Ashua kuwa ni msaliti au mwepesi wa kukata tamaa. Mimi siioni hivyo. Sudi ana haki ya kukataa kumtukuza mtu anayewanyanyasa watu, lakini gharama ya msimamo wake hailipi peke yake. Anailipa mkewe aliye seli na wanawe wenye njaa. Mwandishi, Pauline Kea, hafichi jambo hilo, nawe usilifiche. Insha bora itakubali mambo mawili kwa pamoja: kwamba Sudi hakukosea, na kwamba Ashua ana sababu ya kulalamika. Kisha itaonyesha nani aliyewaweka wawili hao katika hali ya kuchagua kati ya heshima na chakula.

Ukitaka kuielewa hali ya Ashua vizuri zaidi, tazama jambo lililotokea hapa kwetu. (Usiliandike kwenye karatasi ya mtihani isipokuwa swali limekutaka uhusishe kazi na jamii halisi.)

Mnamo Januari 2023, muda wa kuhudumu wa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, pamoja na makamishna wengine wawili ulikamilika. Wengine wanne walikuwa wakijiondoa au kuondolewa baada ya kutofautiana kuhusu matokeo ya urais ya mwaka wa 2022. Tume ikabaki bila makamishna. Serikali ilitaka kuendelea kuteua wapya, nao upinzani ukadai kushirikishwa kwanza katika namna ya kuwateua. Maandamano yakafuata. Baadaye mwaka huo pande mbili ziliketi Bomas, vikao vikiongozwa kwa pamoja na Kalonzo Musyoka na Kimani Ichung'wah, na ripoti ikatolewa Novemba. Sheria iliyohitajika ilitiwa saini Julai 2024. Hata hapo mambo hayakwisha, kwani vyama vya upinzani vyenyewe vilianza kuvutana kuhusu nani awawakilishe katika jopo la uteuzi. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025.

Wakati huo wote, katika kaunti ya Mandera, eneobunge la Banissa halikuwa na mbunge. Aliyekuwepo alifariki Machi 2023. Katiba inataka uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90, lakini bila makamishna hapakuwa na wa kuusimamia. Wapiga kura wa Banissa walisubiri hadi Novemba 2025. Hawakuwa upande wowote wa mzozo ule wala hawakualikwa Bomas, ila wao ndio waliokosa sauti bungeni kwa zaidi ya miaka miwili na nusu.

Angalia tofauti na Sagamoyo. Katika mzozo wa IEBC, kila upande ulikuwa na hoja ya kusikilizwa, na hatimaye pande hizo ziliketi. Lawama inaweza kugawanywa. Katika Sagamoyo hakuna meza ya kuketi. Anayepinga hupigwa kama Tunu anavyovunjwa mguu, au huuawa kama Jabali. Kwa hiyo usichukue lugha ya magazeti ya "pande zote mbili" ukaibandika kwenye tamthilia. Kinachofanana ni anayeumia. Ashua na mkazi wa Banissa wote wanalipia ugomvi ambao hawakuwa na uwezo wa kuumaliza.

Chunguza pia jinsi mkwamo wa Sagamoyo unavyoisha. Majoka halegezi msimamo hadi mwisho. Mkwamo unakatika wale waliomtegemeza wanapojitenga naye: umma unakusanyika sokoni badala ya kwenda kwenye sherehe yake, Kingi anakataa amri ya kuwafyatulia watu risasi, hata Kenga anamhama. Watahiniwa wengi huandika kuwa Tunu ndiye aliyemshinda Majoka, wakamsahau Kingi. Usimsahau.

Zoezi

1. "Nipe talaka yangu" ni dai, lakini pia ni ushahidi wa mkwamo. Eleza kauli hii kwa kurejelea uhusiano wa Ashua na Sudi. (alama 10)

2. Linganisha mwitikio wa Sudi na wa Boza kwa keki ya uhuru. Mwitikio wa kila mmoja unaonyesha nini kuhusu tofauti kati ya hongo na maafikiano? (alama 8)

3. Kingi ana nafasi finyu katika tamthilia, ila uamuzi wake ni mzito. Thibitisha. (alama 6)